Mkondo wa data wa magari ya abiria: kuufungua, kuuchunga na kuufunga bila kulipia hewa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa mkondo wa data kwenye wingu, yaani njia ambayo rekodi huingia na kusomwa mfululizo, na mwenzake aliyehama kazi, akaambiwa tu "hii iko sawa, usiiguse". Ninaueleza kwa Amazon Kinesis Data Streams, huduma ya Amazon ya mikondo hiyo, kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku. Mfano wangu ni magari 400 ya sako moja hapa Nairobi, kila gari na kifaa chake cha GPS kinachotuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 5. Anayetumia Kafka, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, atakuta majina mengine, lakini hesabu na makosa ni yale yale.

Tukubaliane maneno kwanza. Mkondo umegawanywa vipande vipande, na kwenye skrini kila kipande kimeandikwa shard. Hapa nitakiita mfereji. Anayeingiza data ni mtumaji, anayeisoma ni mchotaji. Kila rekodi huja na ufunguo wa mgawo, yaani neno unaloliweka wewe mwenyewe, ambalo huamua rekodi hiyo iingie mfereji upi.

Hatua ya 1: Shika kalamu kabla ya kushika kompyuta

Mfereji mmoja hupokea rekodi 1,000 kwa sekunde, au megabaiti 1 kwa sekunde. Kikomo utakachokigonga kwanza ndicho kitakachokubana. Upande wa kuchota, mfereji huo hutoa megabaiti 2 kwa sekunde.

Magari 400, kila moja likituma mara moja kwa sekunde 5, ni rekodi 80 kwa sekunde. Rekodi yenye namba ya gari, latitudo, longitudo, mwendo na saa haizidi baiti 300 hivi. Zidisha: kilobaiti 24 kwa sekunde. Sako nzima, kuanzia Githurai hadi Rongai, inatumia asilimia 8 ya mfereji mmoja kwa idadi ya rekodi.

Nimeshakuta mkondo wa ukubwa huu umefunguliwa mifereji 20 kwa sababu mtu alisikia neno "data nyingi" mkutanoni. Kwa bei ya kanda ya Virginia (kanda ni eneo zilipo kompyuta za Amazon), mfereji mmoja ni dola 0.015 kwa saa. Mifereji 20 kwa mwezi wa saa 730 ni dola 219, na kazi yenyewe ingefanywa kwa dola 11. Bei hutofautiana kanda kwa kanda, kwa hiyo soma ukurasa wa bei wa kanda yako kabla ya kumpelekea mkubwa wako makadirio. Kumbuka pia kwamba bili huja kwa dola na sako hukusanya shilingi.

Hata hivyo, usipige hesabu ya siku ya jua peke yake. Mvua ikipiga, stima ikapotea na mlingoti wa simu ukazima, vifaa vya GPS havinyamazi. Huweka rekodi kwenye kumbukumbu yake na kusubiri. Tuseme magari 60 ya upande wa Ngong yamekaa dakika 10 bila mtandao. Kila moja limeshika rekodi 120. Mtandao ukirudi, rekodi 7,200 zinakimbilia mlango mmoja. Zikiingia ndani ya sekunde 5, hizo ni 1,440 kwa sekunde, na mfereji mmoja umeshafurika.

Dawa ya kwanza hapo si mfereji wa pili. Mwambie anayeandika programu ya kifaa akifanye kisubiri muda wa kubahatisha, popote kati ya sekunde 0 na 60, kabla ya kumwaga alichoshika, halafu kimwage kidogo kidogo. Rekodi zile zile 7,200 zikitawanywa kwa dakika moja ni 120 kwa sekunde, na hakuna atakayezisikia. Mimi huongeza mfereji wa pili kwa ajili ya usingizi wangu tu, si kwa ajili ya hesabu.

Hatua ya 2: Chagua kanda na aina ya malipo

Kanda ya AWS, yaani wingu la Amazon, iliyo Afrika iko Cape Town, ilifunguliwa mwaka 2020, na jina lake kwenye amri ni af-south-1. Haitumiki mpaka uiwashe kwenye mipangilio ya akaunti. Ukipata kosa la ruhusa lisiloeleweka siku ya kwanza, angalia hapo kabla ya kulaumu nywila. Kanda uliyoichagua iandike mahali, kwa sababu mkondo wa kanda moja hauonekani ukiwa umesimama kwenye kanda nyingine, na hivyo ndivyo mikondo inavyosahaulika.

Malipo ni ya aina mbili. Ya kwanza, unataja idadi ya mifereji na kuilipia iwe inatumika au imelala. Ya pili, inayoitwa on-demand, mkondo hupanuka wenyewe: mpya huanza na uwezo wa kupokea megabaiti 4 au rekodi 4,000 kwa sekunde, kisha hujipanga kubeba hadi maradufu ya kilele chako cha siku 30 zilizopita. Wauzaji wa ushauri huipenda hii ya pili. Mimi huitumia kwa mradi mchanga ambao hakuna anayejua utakuwa na wateja wangapi. Lakini nayo inalipiwa kwa saa hata ikikaa tupu, dola 0.04 kwa mkondo kwa bei ya Virginia, yaani karibu mara tatu ya mfereji mmoja. Kwa magari yanayojulikana idadi, taja mifereji. Ukigundua umekosea, unaweza kuhama aina hadi mara 2 ndani ya saa 24.

Hatua ya 3: Fungua mkondo

Amri zote za mwongozo huu huandikwa kwenye terminali, kwa programu ya aws:

aws kinesis create-stream --stream-name gari-mahali --shard-count 2 --stream-mode-details StreamMode=PROVISIONED --region af-south-1

Kisha uulize hali yake:

aws kinesis describe-stream-summary --stream-name gari-mahali --region af-south-1

Itaandika CREATING kwa muda mfupi, halafu ACTIVE. Usitume kitu kabla ya ACTIVE.

Papo hapo, kabla hata ya kunywa chai, bandika lebo:

aws kinesis add-tags-to-stream --stream-name gari-mahali --tags mradi=ufuatiliaji,idara=usafiri,mapitio=2026-06 --region af-south-1

Lebo ya mapitio ni mazoea yangu: mwezi ambao mtu lazima aulize kama mkondo huu bado una kazi. Kumbuka kuziwasha lebo hizo upande wa malipo pia, la sivyo bili itakuja bonge moja lisilogawika.

Hatua ya 4: Ufunguo wa mgawo, hapa usiharakishe

Kinesis huchukua ufunguo wako, huusaga kwa kanuni ya hesabu iitwayo MD5 kupata namba kubwa ya biti 128, na kila mfereji una sehemu yake ya namba hizo. Ufunguo ule ule utaangukia mfereji ule ule daima. Hilo lina faida: rekodi za ufunguo mmoja hukaa pamoja na kwa mpangilio. Na lina hasara: ufunguo mmoja hauwezi kamwe kupata zaidi ya nguvu ya mfereji mmoja.

Jambo la kwanza linalomjia kila mtu wa Nairobi ni kutumia namba ya ruti: 111 ya Ngong, 125 ya Rongai, 45 ya Githurai. Inaonekana nadhifu. Lakini ruti haziko sawa. Ukiwa na ruti 7 na mifereji 2, hakuna anayekuhakikishia zitagawanyika vizuri. Ruti 5 zenye magari mengi zinaweza kurundikana mfereji mmoja na mwingine ukabaki mkavu. Unaongeza mifereji hadi 4, na ruti kubwa bado iko palepale ilipokuwa, imejazana kama gari la mwisho la usiku huku magari matatu yakiondoka steji matupu. Hata aina ya on-demand haikuokoi kwa ufunguo mmoja mzito.

Tumia namba ya ndani ya gari. Funguo 400 husambaa zenyewe, na historia ya kila gari hubaki kwa mpangilio, nao ndio mpangilio pekee unaouhitaji. Hakuna anayejali kama rekodi ya gari la Rongai imetangulia ya gari la Githurai.

Usitumie namba ya simu ya dereva wala ya abiria kuwa ufunguo. Ufunguo huchapishwa kwenye kumbukumbu za programu na kusomwa na watu wengi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayokutaka uwe na sababu ya kushika taarifa za mtu. Ukiona namba ya simu inasafiri kwenye mkondo wa mahali pa gari, uliza imetafuta nini humo.

Hatua ya 5: Kutuma, na uongo wa 200

Tuma kwa mafungu kwa kutumia amri ya PutRecords, ambayo hubeba hadi rekodi 500 kwa mara moja. Na hapa ndipo nilipochomeka.

Ilikuwa jioni ya mvua, mwezi wa Aprili. Programu yetu ilituma fungu, ikapata jibu la 200, yaani "imefaulu", ikalifuta fungu na kuendelea. Kila kitu kijani. Saa mbili usiku simu ikalia, mwenye gari:

"Kijana, gari yangu iko Karen tangu saa kumi na mbili. Imeibiwa ama?"

"Hapana mzee, nadhani ni foleni tu."

"Foleni ya masaa mawili? Na makanga ananiambia wameshafika Ngong mara mbili!"

Makanga alikuwa sahihi. PutRecords hujibu 200 hata kama sehemu ya fungu imekataliwa. Ndani ya jibu kuna sehemu inayoitwa FailedRecordCount. Ikiwa si sifuri, baadhi ya rekodi zako zimebaki nje mlangoni. Wakati huo tulikuwa na mfereji mmoja na vifaa visivyojua kusubiri. Mtandao ulipokuwa ukikatika na kurudi, kila wimbi lilifurisha mfereji, na sisi tulikuwa tukizifuta rekodi zilizokataliwa kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo: soma FailedRecordCount kila mara. Pitia orodha ya majibu, chukua zile tu zenye msimbo wa kosa, subiri kidogo, zitume tena, na kila ukishindwa ongeza muda wa kusubiri. Usirudishe fungu zima, utazalisha nakala.

Nakala zitatokea hata ukijitahidi, kwa mfano mtandao ukikatika baada ya rekodi kupokelewa lakini kabla ya jibu kufika. Mchotaji azizuie: namba ya gari pamoja na saa ya kifaa iwe kitambulisho, na kilichokwisha kuandikwa kisiandikwe tena. Saa ya kifaa hiyo hiyo ndiyo utakayopangia rekodi, kwa sababu iliyorudiwa kutumwa huingia ikiwa imechelewa.

Hatua ya 6: Wachotaji

Megabaiti 2 za kuchota kwa kila mfereji ni za pamoja kwa wachotaji wa kawaida, na mfereji hukubali kuulizwa mara 5 tu kwa sekunde. Mchotaji wa ramani, wa ripoti na wa malipo wakiuliza kila mmoja mara 2, mmoja atakataliwa. Punguza kasi ya kuuliza kwa yule asiye na haraka. Ripoti ya kila saa haina sababu ya kugonga mlango kila nusu sekunde. Ikishindikana kabisa, ipo huduma ya kumpa mchotaji bomba lake mwenyewe la megabaiti 2, kwa malipo ya ziada.

Ukichota kwa Lambda, huduma ya AWS inayoendesha msimbo wako rekodi zikifika, jihadhari na rekodi mbovu. Kifaa kimoja kikituma latitudo tupu na msimbo wako ukaanguka, Lambda kwa kawaida yake itairudia rekodi hiyo mpaka ifaulu au ipitwe na wakati. Nyuma yake mfereji mzima umesimama, magari 200 yanasubiri kosa la gari moja. Weka idadi ya juu ya kujaribu tena, ruhusu fungu ligawanywe mara mbili likianguka, na utaje mahali pa kutupia taarifa za zile zilizoshindikana ili fundi azitazame asubuhi.

Hatua ya 7: Muda wa kuhifadhi

Mkondo mpya hushika data kwa saa 24, kisha huitupa. Unaweza kuongeza hadi siku 365, kwa malipo. Jiulize swali moja: mchotaji akifa Ijumaa jioni, nani atamwona? Ikiwa jibu ni "Jumatatu asubuhi", saa 24 hazikutoshi. Na wikendi ya Pasaka hapa huanza Ijumaa Kuu na kuisha Jumatatu. Mimi huweka siku 7:

aws kinesis increase-stream-retention-period --stream-name gari-mahali --retention-period-hours 168 --region af-south-1

Hatua ya 8: Kengele mbili na nusu

CloudWatch, huduma ya AWS ya vipimo na kengele, ina vipimo vingi na utashawishika kuwekea kila kimoja kengele. Utafanya hivyo, simu italia usiku kucha, na wiki ya pili utaizima yote.

Kengele ya kwanza ni GetRecords.IteratorAgeMilliseconds, yaani rekodi anayoisoma mchotaji sasa ina umri gani. Kwenye Lambda kipimo hicho kinaitwa IteratorAge. Kikikaa karibu na sifuri, mchotaji yuko sambamba na magari. Kikipanda bila kushuka, amezidiwa au amekwama. Kwa ramani ya abiria, dakika 5 inatosha kutuma ujumbe. Ikifika nusu ya muda wa kuhifadhi, mtu aamshwe kitandani, kwa maana kinachofuata ni kupotea kwa data.

Ya pili ni WriteProvisionedThroughputExceeded: kuna rekodi zinakataliwa mlangoni. Moja moja si tatizo kama umeifuata hatua ya 5. Zikiendelea kwa dakika kadhaa, washa vipimo vya kila mfereji, vina malipo yake, uone kama wote umejaa au ni mmoja. Mmoja ukiwa umejaa na mwingine mtupu, rudi hatua ya 4, usinunue mifereji.

Ile nusu ni ya bili: weka bajeti ya mwezi kwenye akaunti ikutumie barua pepe ukifika asilimia 80. Naiita nusu kwa sababu taarifa zake huchelewa.

Kuhusu saa. Michoro huweza kuonyesha UTC, saa ya kimataifa, Nairobi iko saa 3 mbele, na sisi tunahesabu saa zetu kuanzia jua lichomozapo. Simu ya saa mbili usiku niliyoisimulia, kwenye mchoro ilikuwa 17:00. Siku hiyo nilipoteza karibu nusu saa nikitazama mahali pasipo. Badilisha mchoro usome saa za hapa, na kwenye kikundi cha kazi mwandike 20:00, msiandike "saa mbili".

Hatua ya 9: Kuongeza na kupunguza mifereji

aws kinesis update-shard-count --stream-name gari-mahali --target-shard-count 4 --scaling-type UNIFORM_SCALING --region af-south-1

Kwa amri moja huwezi kuvuka maradufu ya ulichonacho, wala kushuka chini ya nusu yake. Kutoka 2 kwenda 8 unapita 4 kwanza. Hali itakuwa UPDATING, na kutuma na kuchota vinaendelea. Amri hii ina kikomo cha mara 10 ndani ya saa 24, kwa hiyo usiandike programu ya kupandisha na kushusha kila baada ya robo saa.

Mifereji ya zamani hufungwa lakini haifutwi papo hapo. Bado ina data mpaka muda wa kuhifadhi uishe. Mchotaji aliyeandikwa kwa KCL, maktaba ya Amazon ya kuandikia wachotaji, humaliza ya zamani kabla ya kuingia mipya. Aliyeandikwa kwa mkono mara nyingi hajui, na mpangilio wa rekodi huvurugika saa ile ile.

Hatua ya 10: Ruhusa

Mtumaji apewe PutRecord na PutRecords tu. Mchotaji apewe za kusoma tu. Ruhusa ya kufuta mkondo iwe kwa watu wawili, mmoja akisafiri mwingine yupo. Washa usimbaji, yaani kuficha data isisomeke na asiyeruhusiwa, kwa start-stream-encryption ukitumia ufunguo alias/aws/kinesis, umalize.

Hatua ya 11: Kufunga

Desemba moja nilifungua mkondo wa majaribio kwenye kanda ya Ireland, mifereji 10, nikajaribu mchana mmoja, nikaenda ushago. Januari nilirudi na bili ya mkondo ambao haukuwa umepokea rekodi hata moja tangu siku ile. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na mhasibu alihakikisha nimelielewa.

Kabla ya kufuta, zima watumaji, subiri mchotaji amalize, kisha tazama kipimo cha IncomingRecords kwa siku mbili tatu. Kikiwa na uhai wowote, kuna mtu anatuma ambaye humjui; mtafute kwanza. Kufuta hakurudishwi nyuma, na data yote inakwenda nayo.

aws kinesis delete-stream --stream-name gari-mahali --enforce-consumer-deletion --region af-south-1

Mkondo ukiondoka huacha yatima. KCL hutunza alama za alipofikia mchotaji kwenye jedwali la DynamoDB, hifadhidata ya AWS, lenye jina la programu ya mchotaji, na jedwali hilo halifutwi na amri hii. Lifute kwa mkono. Kengele za CloudWatch pia hubaki, zikilalamika kwamba hazipati data. Ukimaliza, endesha aws kinesis list-streams kwa kila kanda uliyowahi kuigusa, Ireland ikiwemo.